Jinsi ya Kufundisha Uandishi wa Insha Chuoni kwa Rasimu Tatu: Mwongozo Kamili

Malalamiko ya walimu wa vyuo hayabadiliki. Unakesha na lundo la insha, unajaza pambizo kwa kalamu nyekundu, unazirudisha. Mwanafunzi anafungua ukurasa wa mwisho, anaiona alama, anaikunja kazi. Insha inayofuata inakuja na makosa yaleyale, mengine yamekomaa.

Juhudi ipo, tena nyingi. Shida ni wakati. Maoni yanamfikia mwanafunzi insha ikiwa imeshakwisha, na hana tena mahali pa kuyafanyia kazi. Mwongozo huu unazichukua saa zilezile unazotumia kusahihisha na kuzihamishia mapema, insha ikiwa bado inaweza kubadilika.

Umepangwa kwa insha moja ya hoja, maneno 1000 hadi 1200, kwa wiki 6. Unafaa somo lolote linalomtaka mwanafunzi atetee msimamo kwa ushahidi.

## Andaa haya kwanza

- Swali la insha, lisilozidi ukurasa mmoja.
- Makala 4 fupi za kusoma, kurasa 5 hadi 10 kila moja, zenye misimamo inayopingana. Wakitafuta wenyewe kila kitu, wiki 2 zitaishia kwenye kutafuta.
- Insha 2 za wanafunzi waliotangulia, kwa idhini yao, majina yamefutwa. Moja iwe nzuri, nyingine ya wastani. Iliyo mbovu kabisa usiilete, maana kila mtu anauona ubovu wake na hakuna anachojifunza.
- Vigezo vya kusahihishia, visizidi 4.
- Fomu ya kusomeana yenye maswali 3.
- Kalenda ya tarehe za rasimu zote, itolewe siku ya kwanza.

Wiki ya 1 ni ya swali, vigezo na kusoma. Wiki ya 2, hoja kuu na aya. Wiki ya 3, rasimu ya kwanza inaletwa na wewe unaisoma. Wiki ya 4, maoni yanarudi na rasimu ya pili inaandikwa. Wiki ya 5 ni ya kusomeana, na wiki ya 6 ni ya uhariri na rasimu ya mwisho.

## Hatua ya 1: Andika swali linalomlazimisha mtu kuchagua

Insha nyingi mbovu huanzia kwenye karatasi ya mwalimu. Tazama swali hili: "Jadili umuhimu wa mahudhurio katika elimu ya chuo." Mwanafunzi atakuandikia maana ya mahudhurio, faida zake, hasara zake, kisha hitimisho. Umemwomba orodha, na amekuletea orodha.

Sasa tazama hili: "Chuo kimependekeza kwamba mwanafunzi aliyehudhuria chini ya asilimia 75 ya mihadhara asiruhusiwe kufanya mtihani. Iandikie kamati ya taaluma ukiishawishi iupitishe, iukatae au iurekebishe utaratibu huo. Tumia angalau makala 2 kati ya 4 tulizosoma, na ujibu pingamizi moja zito dhidi ya msimamo wako."

Hapa kuna msomaji anayejulikana, uamuzi wa kufanywa, ushahidi wenye mipaka na mpinzani wa kujibiwa. Mwanafunzi hawezi kukwepa kuchagua upande.

Usirundike maswali madogo chini ya swali kuu ("Je, nini chanzo? Je, nani anahusika? Je...?"). Atayajibu moja baada ya jingine kama mtihani, na insha haitakuwa na uti wa mgongo.

Kabla ya kulitoa, lijaribu: andika hoja kuu mbili zinazopingana, kila moja kwa sentensi moja. Zikikushinda ndani ya dakika 10, swali halijakaa sawa. Na ukishalitoa, waulize wanafunzi wawili, kila mmoja peke yake, wanatakiwa kufanya nini. Majibu yakilingana, endelea.

## Hatua ya 2: Wape vigezo, kisha wavitumie

Mgawanyo unaofanya kazi vizuri ni huu: hoja kuu alama 30, ushahidi na ufafanuzi wake alama 35, mpangilio alama 20, lugha na marejeo alama 15. Lugha imepewa kidogo kwa makusudi. Ikibeba alama nyingi, mwanafunzi ataanza kung'arisha sentensi za aya ambayo pengine ilistahili kufutwa.

Karatasi ya vigezo peke yake haifundishi kitu. Tenga dakika 40, wagawe katika vikundi vya watu 4, wazisahihishe zile insha 2 za mfano kwa vigezo hivyo. Kila kikundi kiandike alama zake ubaoni.

Zitatofautiana. Usikimbilie kusema ipi ndiyo sahihi. Acha vikundi viwili vilivyoachana sana vijieleze. Mwanafunzi akianza kusema "lakini aya ya 4 haithibitishi alichodai," ameshakiingia kigezo chenyewe. Hapo ndipo unapotaka wafike.

## Hatua ya 3: Dakika 10 za kuandika bila alama, kila kipindi

Kila kipindi cha wiki 2 za mwanzo kianze hivi. Kalamu isisimame, hakuna kufuta, hakuna kusahihishwa. Wape jambo moja tu: "Eleza dai la makala ya kwanza kwa sentensi 2." "Nani ataumia utaratibu huu ukipita?" "Msimamo wako umebadilika wapi tangu wiki iliyopita?"

Wengi huketi mbele ya karatasi tupu wakisubiri sentensi kamilifu ya kwanza. Zoezi hili linawazoesha kufikiri huku wakiandika, na linawaachia mistari ya kuanzia rasimu.

Weka alama ya vyema kuonyesha kwamba wamefanya, basi. Ukirekebisha tahajia hata mara moja, wataanza kukuandikia wewe na zoezi litakufa.

## Hatua ya 4: Hoja kuu

Mwombe kila mmoja aandike hoja yake kuu kwa sentensi moja. Karibu wote watakuletea kitu cha namna hii:

"Mahudhurio ni jambo muhimu sana katika elimu ya chuo."

Ipitishe kwenye maswali 3, ubaoni, mbele ya darasa zima. Nani mwenye akili timamu atakataa? Kwa sababu gani? Kwa hiyo kamati ifanye nini? Sentensi hii inaangukia swali la kwanza, maana hakuna wa kuikataa. Hoja isiyoweza kupingwa haihitaji insha.

Baada ya kusukumwa, inaweza kufika hapa:

"Kamati iukatae utaratibu wa asilimia 75, kwa sababu unahesabu waliokaa ukumbini badala ya kupima walichoelewa, na unawaumiza zaidi wanafunzi wanaofanya kazi ili walipe ada."

Sentensi hii inamwonyesha msomaji insha itakavyokwenda: sehemu ya kwanza kuhusu kuhesabu na kuelewa, ya pili kuhusu wanafunzi wanaofanya kazi. Mwanafunzi akiona hivyo, nusu ya tatizo la mpangilio imekwisha kabla hajaandika aya.

Jizuie kumwandikia. Ni rahisi sana kumwambia "sema hivi," na darasa zima litaondoka na hoja yako. Uliza, nyamaza, subiri. Ukimya wa nusu dakika unachosha mwalimu kuliko mwanafunzi, lakini ndimo anamofikiri.

## Hatua ya 5: Aya moja, sehemu tatu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tumia vipindi 2 vizima. Aya dhaifu ya mwanafunzi wa chuo ina sura moja inayojirudia:

"Mahudhurio ya lazima hayasaidii. Makala ya pili inasema kwamba kuwepo ukumbini si sawa na kujifunza. Pia wanafunzi wengi hufanya kazi. Kwa hiyo utaratibu huu haufai."

Kuna dai, kuna ushahidi, kisha aya inarukia jambo jingine. Mwanafunzi anaamini ushahidi unajieleza wenyewe, kwa hiyo anauweka na kuondoka. Kazi ya kuuunganisha na dai ameiacha kwa msomaji.

Tengenezeni aya hiyo upya ubaoni pamoja:

"Kuhesabu mahudhurio hakuiambii kamati nani ameelewa somo. Makala ya pili inatenganisha kuwepo ukumbini na kujifunza, na utengano huo ndio unaoubomoa mpaka wa asilimia 75. Chini ya mpaka huo, aliyelala kiti cha nyuma mihadhara yote anaruhusiwa kufanya mtihani, na aliyekosa theluthi moja lakini akafanya mazoezi yote anazuiwa. Kamati inayotaka kuwabaini wasiojiandaa ingelikaribia lengo lake zaidi kwa kupima mazoezi ya kila wiki."

Wanafunzi wanaofanya kazi wametolewa. Watapata aya yao.

Kisha kila mmoja achukue aya yake na kalamu. Mstari mmoja chini ya dai, mistari miwili chini ya ushahidi, mstari wa mawimbi chini ya ufafanuzi. Kanuni: ufafanuzi usiwe mfupi kuliko ushahidi. Aya isiyo na mawimbi haijaandikwa bado, hata kama ina nukuu tatu. Zoezi hili lina nguvu kwa sababu mwanafunzi anauona upungufu kwa macho yake, huhitaji kumwambia.

Fundisha pia jinsi ya kueleza makala kwa maneno yako mwenyewe, maana wizi mwingi wa maandishi hauanzi kwa nia mbaya. Mwanafunzi anafungua makala, anabadilisha neno moja hapa na jingine pale, muundo wa sentensi unabaki wa mwandishi wa makala. Utaratibu wa kumwokoa ni huu: asome, afunge makala, aandike alichokielewa, afungue na kulinganisha, kisha aweke marejeo palepale. Akishindwa kuandika baada ya kufunga, hajaelewa, na arudi kusoma.

## Hatua ya 6: Rasimu ya kwanza na maoni yako

Hii ndiyo hatua ya kuwekea nguvu zako zote. Rasimu ya kwanza iwe kamili, kuanzia utangulizi hadi mwisho. Asiyeileta kwa wakati apunguziwe alama 10 za insha. Bila sharti hilo wengi wataleta kipande, nawe utatoa maoni juu ya hewa.

Isome mara moja bila kalamu. Mara ya pili, andika mambo 3 tu mwishoni: moja linalofanya kazi, na mawili ya kurekebisha, ukianza na lililo kubwa. Dakika 12 zinatosha.

Usiguse sarufi. Mwanafunzi aliyepewa maoni 30 hufanya yale rahisi, akarekebisha koma na herufi, na tatizo la hoja likabaki pale pale. Tena si haki kumrekebishia sentensi za aya ambayo unamwambia aifute.

Maoni kama "fafanua," "haieleweki," "panga vizuri" ni kelele kwake. Angejua kufafanua, angefafanua. Andika hivi: "Aya ya 3 ina mambo mawili: gharama ya usafiri na ubora wa mihadhara. Lipi linabeba hoja yako kuu? Libakize. Lingine lipe aya yake au litoe." Anajua ni wapi, ni nini na afanye nini.

Usitoe alama kwenye rasimu hii. Alama ikikaa karibu na maoni, jicho linakwenda kwenye alama. Akipewa 70 ataridhika, akipewa 40 atakata tamaa, na wote wawili hawatagusa insha.

Kuhusu muda: wanafunzi 40 kwa dakika 12 ni saa 8. Rasimu ya mwisho, kama utakavyoona, ni dakika 5 kila moja, yaani saa 3 na dakika 20. Jumla ni saa 11 na dakika 20. Kusahihisha insha hizohizo mara moja kwa mtindo wa zamani, dakika 20 kila moja, ni zaidi ya saa 13.

Darasa likizidi wanafunzi 60, usijaribu kusoma kila kitu. Soma rasimu 15 kwa ukamilifu, orodhesha matatizo 4 yanayojirudia, na uyafundishe darasani kwa vipande halisi visivyo na majina. Kwa waliobaki, soma hoja kuu na aya moja wanayoichagua wenyewe.

## Hatua ya 7: Muhtasari wa kinyume, kisha kusomeana

Kabla mwanafunzi hajampa mwenzake rasimu ya pili, aisome mwenyewe kwa namna mpya. Pembeni mwa kila aya aandike sentensi moja: aya hii inasema nini? Kisha azisome sentensi hizo peke yake, mfululizo. Mbili zikifanana, aya ziunganishwe. Ikikosekana inayohusu pingamizi, pingamizi halijajibiwa. Na aya inayohitaji sentensi mbili ina mambo mawili.

Kusomeana ni vikundi vya watu 3, dakika 60, yaani dakika 20 kwa kila insha. Maswali ya fomu ni haya:

1. Andika hoja kuu ya mwenzako kwa maneno yako, bila kunakili.
2. Weka alama ya kuuliza kila mahali ulipolazimika kurudia kusoma.
3. Taja aya yenye ushahidi dhaifu kuliko zote, na useme nini kinakosekana.

Jibu la swali la kwanza ndilo lenye thamani kubwa. Mwandishi akisoma na kusema "sikumaanisha hivyo," amepata taarifa ambayo mwalimu hawezi kumpa kwa nguvu ileile, kwa kuwa inatoka kwa msomaji wa kawaida.

Piga marufuku neno "nzuri" lisilo na sababu, na kurekebishana tahajia. Usipofanya hivyo, adabu itashika nafasi ya ukweli na saa nzima itapotea kwa kusifiana. Kikundi kikikaa kimya dakika 5 za mwanzo kikisoma, kisha kikaanza kubishana juu ya aya fulani, zoezi limeshika.

## Hatua ya 8: Sasa ndiyo lugha

Chukua ukurasa mmoja wa kila insha. Kwenye mstari wenye kosa weka alama ndogo pambizoni, bila kusema ni kosa gani. Mwanafunzi alitafute na alirekebishe mwenyewe. Makosa mengi ni ya kupitiwa, na atayaona akilazimika kutazama. Yanayomshinda ndiyo anayohitaji kufundishwa.

Darasani fundisha makosa 2 tu yanayojirudia zaidi, kwa mifano kutoka kwenye insha zao. Wanaoandika kwa Kiswahili mara nyingi huangukia upatanisho unapofika mbali na nomino ("vitabu ambazo," "makundi ambao") na sentensi inayobeba "na... na... ambapo... huku..." hadi mtendaji anapotea. Kwa hilo la pili, dawa ni kusoma kwa sauti. Pumzi ikikatika kabla ya nukta, sentensi ikatwe.

Kwa mwanafunzi anayeandika kwa lugha ya pili au ya tatu, shughulikia kwanza makosa yanayoficha maana. Mengine yasubiri.

## Hatua ya 9: Rasimu ya mwisho

Iletwe pamoja na barua ya nusu ukurasa: mambo 3 niliyobadilisha na kwa nini, na oni moja nililolikataa pamoja na sababu. Kukataa kwa sababu nzuri ni dalili ya mwandishi anayekua, kwa hiyo usimwadhibu.

Soma barua kwanza, kisha insha. Jaza vigezo 4, andika sentensi moja tu inayoanza na "Katika insha ijayo..." Pambizo zibaki safi. Hizo ndizo dakika 5.

## Yanayoharibika mara nyingi

Rasimu ya pili ni ya kwanza iliyobadilishwa maneno matatu. Mwanafunzi anadhani kurekebisha ni kusafisha. Mwombe afungue ukurasa mtupu na aandike upya aya mbili zilizotajwa kwenye maoni, bila kunakili.

Insha imeandikwa na programu ya akili mnemba. Programu za kugundua hukosea, na zinaweza kumtuhumu asiye na hatia, kwa hiyo usizifanye hakimu. Kinga iko kwenye mfumo wenyewe: maandishi ya dakika 10, hoja kuu ya darasani, rasimu, fomu na barua. Ukiwa na shaka, kaa naye dakika 10 umwombe aeleze kwa nini aya ya 2 inatangulia ya 3. Sema pia mapema, kwa maandishi, nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi.

Mwanafunzi anasubiri umwambie kila kitu. Kabla ya kuipokea rasimu, mtake aandike juu yake swali moja analotaka ulijibu. Asiye na swali arudi kwenye muhtasari wa kinyume.

Muhula umebana, wiki 6 hazipatikani. Punguza urefu wa insha hadi maneno 600, na ruka rasimu ya kati kwa kuunganisha kusomeana na maoni yako katika wiki moja. Hatua ya 5 na ya 6 usiziguse.

Faida inapotea insha ya pili ikianza. Hifadhi nakala ya zile sentensi za "Katika insha ijayo..." Siku unayotoa swali jipya, mrudishie kila mmoja ya kwake na ainakili juu ya rasimu yake ya kwanza. Ukiisoma rasimu hiyo, anza na jambo hilo kabla ya jingine lolote.